Jinsi ya kupata pH ya asidi dhaifu na besi dhaifu: mwongozo kamili kwa mifano ya Arusha na Moshi

Mwanafunzi wa kidato cha tano akipewa swali la pH ya asidi dhaifu, mara nyingi mkono unakimbilia kikokotoo kabla macho hayajamaliza kusoma swali. Fomula ameikariri: kipeuo cha pili cha Ka mara ukolezi. Anabonyeza, jibu linatoka, anapigiwa vema. Tatizo ni kwamba fomula hiyo ni njia ya mkato, na haipiti kila mahali. Ukiitumia pasipostahili inakupa jibu lenye sura nzuri kabisa lakini la uongo. Hapa chini kuna mfano wa maji ya Arusha ambapo fomula hiyo inaigeuza besi kuwa asidi.

Nimeandika kwa ajili ya wanaosoma kemia kidato cha tano na sita, na kwa walimu wanaotafuta mifano iliyo karibu na nyumbani. Unachohitaji ni kikokotoo chenye logi au majedwali ya tarakimu nne, karatasi, na subira ya kuandika kila mstari.

Ukali ni kitu kimoja, ukolezi ni kingine

Asidi ni kitu kinachotoa protoni, yaani H⁺, na besi ni kitu kinachoipokea. Ndivyo Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza walivyoieleza mwaka 1923, kila mmoja kivyake. Asidi kali kama haidrokloriki ikiingia majini huachia protoni zake zote. Asidi dhaifu huachia chache tu, zilizobaki inazishikilia. Na si kwamba zilizoachiwa zimeondoka moja kwa moja: kila wakati kuna molekuli zinazoachia na nyingine zinazorudishiwa, ila hesabu ya jumla haibadiliki, kama daladala ambayo kila kituo wanashuka watatu na kupanda watatu. Hali hiyo ndiyo msawazo.

Ukolezi ni swali jingine kabisa: umeweka mol ngapi katika lita moja? Tone moja la asidi kali katika ndoo ya maji ni asidi kali yenye ukolezi mdogo. Siki isiyochanganywa na maji ni asidi dhaifu yenye ukolezi mkubwa. Ukivichanganya vitu hivi viwili kichwani, hakuna hesabu itakayokaa sawa.

Na asidi kuitwa dhaifu hakuifanyi salama. Asidi ya haidrofluoriki, HF, ni dhaifu kwa kipimo chochote cha kemia, lakini inakula kioo, inapenya ngozi na kukamata kalsiamu ndani ya mwili, na inaweza kuua. Hiyo hatutaigusa kamwe. Tutaihesabu kwenye karatasi tu, kwa sababu besi mwenza wake (kinachobaki asidi ikishatoa protoni), floraidi, imo katika maji ya watu wengi wa mkoa wa Arusha.

Namba za kuwa nazo mkononi

pH ni logi ya ukolezi wa H⁺ iliyogeuzwa alama. Aliyeleta kipimo hiki ni Sørensen, mwaka 1909, akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg huko Copenhagen. Kwa kuwa ni logi, pH ikishuka kwa 1 maana yake H⁺ imeongezeka mara 10.

Maji yenyewe hujigawa kidogo sana. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, [H⁺] × [OH⁻] = 1.0 × 10⁻¹⁴ (mabano ya mraba yanamaanisha ukolezi), na namba hiyo tunaiita Kw. Kutoka hapo tunapata pH + pOH = 14, ambapo pOH ni logi ya ukolezi wa OH⁻ iliyogeuzwa alama. Zingatia hizo nyuzi 25. Katika joto la mwili, nyuzi 37, maji safi yana pH ya 6.8 hivi na bado si asidi wala besi, maana H⁺ na OH⁻ zake ziko sawasawa.

Kila asidi dhaifu ina namba yake thabiti, Ka, na kila besi dhaifu ina Kb. Namba ikiwa kubwa, asidi au besi hiyo inajigawa zaidi. Hizi ndizo tutakazotumia:

asidi ya asetiki (iliyo kwenye siki): Ka = 1.8 × 10⁻⁵
asidi ya haidrofluoriki: Ka = 6.8 × 10⁻⁴
asidi ya laktiki (ya maziwa mgando): Ka = 1.4 × 10⁻⁴
amonia: Kb = 1.8 × 10⁻⁵
bikaboneti, HCO₃⁻, ikitoa protoni yake: Ka = 4.7 × 10⁻¹¹

Asidi na besi mwenza wake hufungwa na uhusiano mmoja: Ka × Kb = Kw. Ukiwa na moja, nyingine unaipata kwa kugawanya.

Hatua saba, tukianza na siki

*Hatua ya 1: geuza ulichonacho kiwe mol kwa lita.* Chukua siki ambayo lebo yake inasema 5%, yaani gramu 5 za asidi katika mililita 100. Lita moja ina gramu 50. Mol moja ya asidi ya asetiki ina gramu 60. Kwa hiyo ukolezi, c = 50 ÷ 60 = 0.83 mol/L.

*Hatua ya 2: andika mlinganyo.* Usiuruke hata kama unaujua.

CH₃COOH + H₂O ⇌ CH₃COO⁻ + H₃O⁺

H₃O⁺ ni ile H⁺ ikiwa imeshikwa na maji. Mlinganyo ndio unaokuambia nani anatoa protoni na nani anapokea. Wengi wanaokosea maswali ya chumvi hukosea hapa, kwa kutouandika.

*Hatua ya 3: chora jedwali la mistari mitatu.*

Mwanzo: asidi 0.83, asetati 0, H₃O⁺ 0
Badiliko: asidi −x, asetati +x, H₃O⁺ +x
Msawazo: asidi 0.83 − x, asetati x, H₃O⁺ x

Ile sifuri ya H₃O⁺ si sifuri kweli, maana maji yana 10⁻⁷ yake tangu mwanzo. Hapa tunaipuuza kwa kuwa ni ndogo mno mbele ya x. Iweke akilini, tutarudi kwake.

*Hatua ya 4: andika Ka.* Ka = x² ÷ (0.83 − x) = 1.8 × 10⁻⁵.

*Hatua ya 5: kadiria, kisha hakiki.* Tukidhani x ni ndogo kuliko 0.83 kiasi cha kutoipunguza, basi x² = 1.8 × 10⁻⁵ × 0.83, na x = 3.9 × 10⁻³. Hapo ndipo fomula ya mkato inapozaliwa: x = √(Ka × c). Sasa hakiki dhana yako: 0.0039 ÷ 0.83 ni 0.47%. Ikiwa chini ya 5%, mkato unaruhusiwa. Ukitaka kujua mapema kabla ya kuhesabu, gawanya c kwa Ka. Jibu likiwa 400 au zaidi, pita.

*Hatua ya 6: tafuta logi.* Mwenye majedwali ya tarakimu nne afanye hivi: logi ya 3.9 ni 0.5911. Kipeo ni −3, kwa hiyo 0.5911 − 3 = −2.4089. Geuza alama: pH = 2.41. Ka ina tarakimu mbili za maana, kwa hiyo pH iandikwe kwa nafasi mbili baada ya nukta. Kuandika 2.40894 ni kudai usahihi ambao hukupewa.

*Hatua ya 7: ulize kama jibu lina akili.* Asidi ya haidrokloriki ya 0.83 mol/L ingekuwa na pH ya 0.08. Siki ni dhaifu, kwa hiyo pH yake lazima iwe juu ya hiyo, na lazima iwe chini ya 7. 2.41 inakaa vizuri. Hatua hii inachukua sekunde kumi, na ndiyo itakayokuokoa kwenye mtihani.

Sasa tazama jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote katika mada hii. Mimina mililita 100 za siki hiyo katika chombo, ongeza maji hadi lita moja. Ukolezi umeshuka mara kumi, umekuwa 0.083. Rudia hesabu: x = 1.2 × 10⁻³, pH = 2.91. Imepanda kwa 0.5 tu, si 1 kama ingekuwa asidi kali. Sababu ni kwamba asidi dhaifu ikipata maji mengi hujigawa zaidi: mwanzo iliyojigawa ilikuwa 0.47%, sasa ni 1.5%. Ostwald alilieleza hili kwa hesabu mwaka 1888. Mwanafunzi aliyelielewa hahitaji kukariri chochote kuhusu kuongeza maji.

Pale mkato unapokataa

Chukua HF, kwenye karatasi, ya 0.010 mol/L. c ÷ Ka = 0.010 ÷ 0.00068, ambayo ni 15 hivi. Mbali mno na 400. Ukilazimisha mkato unapata x = 2.6 × 10⁻³, ambayo ni 26% ya asidi yote. Huwezi kusema kitu kilichochukua robo ya asidi ni kidogo.

Njia ya kwanza ni mlinganyo wa kwadratiki: x² + 6.8 × 10⁻⁴x − 6.8 × 10⁻⁶ = 0. Jibu chanya ni x = 2.29 × 10⁻³, pH = 2.64. Mkato ungekupa 2.58.

Njia ya pili naipenda zaidi kwa sababu haihitaji fomula ya kukariri: kurudiarudia. Anza na jibu la mkato, 0.00261. Toa kwenye 0.010 upate 0.00739. Tumia hiyo kama ukolezi: √(0.00068 × 0.00739) = 0.00224. Toa tena: 0.00776, kipeuo kinakuwa 0.00230. Toa tena: 0.00770, kinakuwa 0.00229. Namba imetulia, na ni ileile ya kwadratiki.

Besi dhaifu: njia ileile, kwa kupitia OH⁻

Ingia kwenye zizi la ng'ombe asubuhi kabla halijasafishwa, migombani kule Marangu au Machame, na pua itakuambia amonia ipo: urea ya kwenye mkojo imevunjwa na vijidudu. Amonia inapokea protoni kutoka kwa maji:

NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻

Kwa 0.10 mol/L: x = √(1.8 × 10⁻⁵ × 0.10) = 1.3 × 10⁻³. Hii ni 1.3%, mkato unaruhusiwa. Lakini x hapa ni OH⁻. pOH = 2.87, kwa hiyo pH = 14 − 2.87 = 11.13. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuandika 2.87 kama pH ya amonia. Hatua ya 7 ingelikamata papo hapo: besi haiwezi kuwa na pH ya 2.87.

Floraidi ya Arusha, na jibu la uongo

Miamba ya volkano inayozunguka Mlima Meru ina floraidi nyingi, na chemchemi na visima vingi vya eneo hilo huibeba. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuna vyanzo vya Arusha vinavyovuka kiwango hicho mara kadhaa, na meno yenye madoa ya kahawia ya watu waliokulia huko yanatokana na hilo. Tuchukue maji yenye miligramu 10 kwa lita.

Floraidi ni besi mwenza wa HF, kwa hiyo ni besi dhaifu: F⁻ + H₂O ⇌ HF + OH⁻. Kb yake ni 1.0 × 10⁻¹⁴ ÷ 6.8 × 10⁻⁴ = 1.5 × 10⁻¹¹. Mol moja ya floraidi ni gramu 19, kwa hiyo c = 0.010 ÷ 19 = 5.3 × 10⁻⁴ mol/L.

Piga mkato: √(1.5 × 10⁻¹¹ × 5.3 × 10⁻⁴) = 8.9 × 10⁻⁸. pOH = 7.05. pH = 6.95.

Simama hapo. Tumeweka besi majini, na hesabu inasema maji yamekuwa asidi. Na ukihakiki kwa kanuni ya 5% utaona imepita bila shida, maana x ni ndogo sana mbele ya c! Kanuni hiyo haikuundwa kukamata kosa hili. Kosa liko kwenye ile sifuri ya hatua ya 3. OH⁻ inayotoka kwa floraidi ni ndogo kuliko OH⁻ ya maji yenyewe, kwa hiyo maji hayapuuziki tena.

Marekebisho ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. OH⁻ zote zimetoka sehemu mbili: zile zilizozaliwa pamoja na HF, na zile zilizozaliwa pamoja na H⁺ ya maji. Yaani [OH⁻] = [HF] + [H⁺]. Badala ya [HF] weka Kb × c ÷ [OH⁻], na badala ya [H⁺] weka Kw ÷ [OH⁻]. Zidisha pande zote kwa [OH⁻] upate:

[OH⁻]² = Kb × c + Kw

Kwa maji yetu: 0.80 × 10⁻¹⁴ + 1.0 × 10⁻¹⁴ = 1.8 × 10⁻¹⁴. Kipeuo chake ni 1.34 × 10⁻⁷, pOH = 6.87, pH = 7.13. Sasa besi ni besi. Kwa hiyo ongeza swali moja kwenye hatua ya 5: je, K × c inaizidi Kw angalau mara 100? Ikiwa ni chini ya 10⁻¹², jumlisha Kw ndani ya kipeuo.

Angalia pia jibu hilo lina maana gani kwa anayekunywa. Floraidi inayozidi kiwango karibu mara saba imesogeza pH kwa 0.13 tu. Maji mengi ya namna hii huwa na pH ya juu zaidi ya hapo, lakini inaletwa na bikaboneti inayosafiri pamoja na floraidi. Karatasi ya pH haiwezi kukuambia maji yako yana floraidi kiasi gani, na anayekuuzia kipimo cha pH kwa madai hayo anakudanganya. Kuchemsha nako hakusaidii: mvuke unaondoka, floraidi inabaki katika maji machache zaidi. Kinachoipunguza ni vitu vinavyoinasa, kama mkaa wa mifupa ambao umefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti kilichopo Ngurdoto.

Floraidi hiyo ikifika tumboni, mambo yanageuka. Tumbo lina pH ya karibu 2, na pKa ya HF (logi ya Ka iliyogeuzwa alama) ni 3.17. Uwiano wa HF kwa F⁻ ni 10 kwa kipeo cha 3.17 − 2, yaani karibu 15 kwa 1. Asilimia 94 ya floraidi inakuwa HF, molekuli isiyo na chaji, na molekuli isiyo na chaji hupenya ukuta wa tumbo kwa urahisi.

Magadi: besi inayojilinda

Soko la Mbuyuni, Moshi, magadi yamepangwa kwa mafungu: mabonge ya kijivu yenye vumbi jeupe, mengine yamekolea wekundu kidogo, na ukiyavunja ndani yanang'aa kama sukari guru. Muulize muuzaji, "Shikamoo mama, magadi haya ya wapi?" Utajibiwa, "Marahaba mwanangu, ya Natron hayo." Ziwa Natron liko chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima unaotoa lava ya kaboneti, na maji yake hufikia pH ya 10 na zaidi. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote huzaliana hapo.

Madini makuu ya magadi ni mchanganyiko wa sodiamu kaboneti na sodiamu bikaboneti, mol moja kwa mol moja, pamoja na maji: Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, gramu 226 kwa mol. Hapa kuna asidi dhaifu (bikaboneti) na besi mwenza wake (kaboneti) ndani ya chungu kimoja. Myeyusho wa namna hiyo haubadiliki pH ovyo, na hesabu yake ni nyepesi kuliko zote:

pH = pKa + logi ya ([besi] ÷ [asidi])

Henderson aliuweka msingi wake mwaka 1908. Kwa magadi, besi na asidi ziko sawa, uwiano ni 1, logi ya 1 ni sifuri. pH = pKa = 10.33. Sasa ona kwa nini ziwa linakaa karibu na 10. Na ona kwamba ukiweka gramu 5 au gramu 10 katika maji yaleyale, pH inabaki karibu palepale, kwa sababu uwiano haujabadilika. Hilo ni kweli mpaka uyachanganye na maji mengi mno.

Jikoni kuna hatua moja zaidi. Bikaboneti ikichemshwa hupoteza kaboni dayoksaidi na kugeuka kaboneti: mol mbili zinatoa moja. Tuseme mama ameweka gramu 5 za magadi safi katika lita 2 za makande. Kaboneti na bikaboneti, kila moja ina 5 ÷ 226 ÷ 2 = 0.0111 mol/L. Bikaboneti yote ikigeuka, kaboneti inakuwa 0.0111 + 0.0055 = 0.0166 mol/L. Kb ya kaboneti ni 1.0 × 10⁻¹⁴ ÷ 4.7 × 10⁻¹¹ = 2.1 × 10⁻⁴. c ÷ Kb = 79, kwa hiyo mkato hauruhusiwi; rudiarudia au tumia kwadratiki, upate x = 1.8 × 10⁻³ na pH = 11.25, ukishapoza hadi nyuzi 25. Huo ni ukomo wa juu, maana mahindi na maharage huachia asidi zake na kuishusha. Ualikali huo, pamoja na sodiamu inayochukua nafasi ya kalsiamu kwenye pektini, ndio unaolainisha maharage haraka. Unaharibu vitamini B1 vilevile, na magadi ya asili yanaweza kuja na floraidi. Kwa hiyo kidogo kinatosha, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha hayahitaji hata hicho.

Maabara: kwa nini siki inatitresheniwa kwa POP

Pipeti mililita 25 za ile siki ya 0.083, weka sodiamu haidroksidi ya 0.10 kwenye bureti. Zitahitajika mililita 20.75. Mwishoni hakuna tena asidi. Kuna asetati ya 0.045 mol/L, ambayo ni besi dhaifu yenye Kb = 5.6 × 10⁻¹⁰. x = 5.0 × 10⁻⁶, pOH = 5.30, pH = 8.70. Fenofthalini, ambayo wengi tunaiita POP, hubadilika rangi kati ya pH 8.3 na 10, kwa hiyo inalipata tukio lenyewe. Methili ya rangi ya chungwa, MO, hubadilika kati ya 3.1 na 4.4. Kwa siki, pH inafika 4.4 wakati ni theluthi moja tu ya asidi imemalizwa. Aliyetumia MO ataona rangi ikijivutavuta bila kugeuka kwa mkupuo, na ataandika karibu mililita 6 pale palipotakiwa 20.75.

Ukifika nusu ya safari, mililita 10.4, asidi na asetati ziko sawa na pH = pKa = 4.74. Mwenye kipimo cha pH anaweza kuisoma Ka moja kwa moja hapo.

Kupima nyumbani

Karatasi ya pH inatosha kuthibitisha siki na magadi. Kama huna, chemsha rozela, ambayo wengine huiita choya, uichuje na kuipoza. Matone matatu ndani ya siki yanabaki mekundu yaliyokolea. Ndani ya maji ya magadi yanageuka kijani cha kuchafuka. Manjano ya jikoni nayo hugeuka kahawia nyekundu kwenye magadi, na hubaki manjano kwenye siki. Tumia vyombo vya kioo, nawa mikono, na usichanganye jiki na siki wala na amonia kwa sababu yoyote: gesi inayotoka ni sumu.

Mazoezi

1. Asidi ya laktiki ya 0.050 mol/L, peke yake majini.
2. Amonia kloraidi, NH₄Cl, ya 0.10 mol/L.
3. Klorini ya kutibu maji hufanya kazi zaidi ikiwa katika umbo la HOCl, asidi dhaifu yenye pKa ya 7.5. Ni asilimia ngapi iko katika umbo hilo kwenye maji ya pH 7.0? Na kwenye maji ya pH 8.5?

Majibu. La kwanza: mkato unatoa 2.58 lakini x ni 5.3% ya asidi, umevuka mpaka. Kwadratiki inatoa 2.59. Usitegemee kuipata namba hii kwenye kikombe cha mgando, maana protini na fosfati za maziwa huilinda pH isishuke hivyo. La pili: NH₄⁺ ni asidi dhaifu, Ka = 5.6 × 10⁻¹⁰, pH = 5.13. La tatu: kwenye pH 7.0 uwiano wa HOCl kwa OCl⁻ ni 3.2 kwa 1, sawa na 76%, kwenye 8.5 ni 1 kwa 10, sawa na 9%. Kwa hiyo maji yenye alikali, yakitiwa dozi ileile ya klorini, yaachwe muda mrefu zaidi kabla ya kunywewa.